Konzi Mbili za Mgeni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili nisije nikaambiwa nimeficha. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja uso, na wajukuu zangu hadi leo wakiona nimeivua miwani na kuishika mkononi, mmoja mmoja wanatoka sebuleni. Basi mfikirie mtu wa namna hiyo, ana miaka ishirini na miwili, amekabidhiwa chaki na darasa la sita, na somo lenyewe ni uwiano.

Shule ilikuwa nje kidogo ya Ifakara, ukishika barabara ya kwenda Mlimba. Miaka hiyo ya hamsini barabara yenyewe ilikuwa barabara kwa miezi sita tu. Miezi mingine sita ilikuwa tope lenye jina la barabara. Nilikuwa na wanafunzi thelathini na wawili, wasichana wanne kati yao, na nyumba ya udongo yenye chumba kimoja nyuma ya darasa. Nilikuwa mwalimu wa majaribio. Maana yake ni kwamba mwaka ukiisha anakuja mkaguzi, anakaa nyuma ya darasa, anakusikiliza ukifundisha, halafu anaandika neno moja: athibitishwe, au asithibitishwe. Ukithibitishwa, wewe ni mwalimu. Usipothibitishwa, unarudi ulikotoka.

Nilikotoka ni Mbingu, na huko baba alikuwa ananingoja. Hakuwa mtu mbaya, ila hakuona kazi gani iko katika kusimama mbele ya watoto wa watu na kupaka ukuta unga. Nilipokwenda likizo alinionyesha jembe langu la zamani. Alikuwa amelitia mpini mpya wa mninga, ameulainisha vizuri, ameliegesha pembeni mwa mlango. Akasema, "Lipo hapa, mwanangu. Halina haraka." Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenikaripia. Niliapa moyoni kwamba mpini ule utaliwa na mchwa kabla sijaushika.

Sasa, uwiano. Jambo lenyewe ni dogo: vitu viwili vinafuatana, kimoja kikiongezeka mara mbili na mwenzake anaongezeka mara mbili, kimoja kikiwa mara tatu na mwenzake mara tatu. Unaviandika katika jedwali, unagawa kimoja kwa kingine, jibu linakuwa lile lile kila mstari. Ukichora grafu unapata mstari ulionyooka unaoanzia kwenye pembe kabisa, pale penye sifuri na sifuri, kwa sababu pasipo na kitu hapawi na kitu. Basi. Mbona mimi nililielewa?

Lakini kitabu chetu kilikuwa kimeandikwa na mtu ambaye sidhani kama aliwahi kukanyaga matope. Mfano wake ulikuwa treni. Saa moja maili thelathini, saa mbili maili sitini, saa tatu maili tisini. Treni yenyewe bonde letu lilikuwa halijaiona. Nikachora jedwali ubaoni, nikauliza, "Saa nne, maili ngapi?" Mtoto wa dawati la mbele akanyoosha kidole, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na ikikwama?"

Nilimtoa nje. Leo naona alikuwa na haki. Gari lililotoka Ifakara kwenda Mlimba lingeweza kwenda maili kumi kwa saa moja, kisha likalala mahali pamoja siku mbili. Kwa watoto wale, saa kuongezeka na maili kuongezeka ni mambo mawili yasiyojuana. Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Nilifikiri wananifanyia kusudi, wakati barua ya mkaguzi ilikuwa imeshafika kwa mwalimu mkuu. Ilisema atakuja baada ya wiki tatu, na atapenda kusikiliza hesabu.

Ndipo nikapata wazo, na niliona ni la akili sana. Ilikuwa majira ya mpunga kuiva. Majira hayo watu wa kwetu hugawanyika: wengine wanalala shambani kwenye madungu, vile vichanja virefu vya kulindia mpunga, wafukuze ndege tangu alfajiri, wengine wanabaki nyumbani. Wanapokezana. Leo nyumbani wapo watano, kesho watatu, keshokutwa sita. Na kila jioni chungu kinapikwa kwa kadiri ya waliopo. Nikasema moyoni, huu ndio uwiano wenyewe, uko jikoni kwao.

Nikawaambia, "Kila jioni kwa siku tano, kaa jikoni. Hesabu watu watakaokula. Kisha hesabu mama anachota konzi ngapi za mchele kutia kwenye ungo." Maana akina mama wa kule hawapimi kwa kikombe, wanatia mkono kwenye kapu, wanafumba, wanatoa konzi, na konzi ya mama ni ile ile leo na kesho. "Andika katika jedwali. Jumatatu ijayo nataka madaftari mezani."

Jumatatu madaftari yakaja, nami nikafurahi kupita kiasi. Watu wawili konzi sita, watu watatu konzi tisa, watu wanne konzi kumi na mbili. Daftari la pili vivyo hivyo. La tatu, la nne. Wengine walikuwa na konzi nne kwa kila mtu, lakini zote zinagawanyika sawasawa, hakuna hata robo iliyobaki. Nilianza kujiona mkubwa. Niliona na mkaguzi akitabasamu.

Halafu nikafika kwenye daftari la binti mmoja wa dawati la nyuma. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, nyumba yao ilikuwa jirani na shule kiasi kwamba kuku wao walikuwa wanaingia darasani. Jedwali lake lilisema hivi: watu watano, konzi kumi na saba. Watu watatu, kumi na moja. Watu sita, ishirini. Watu wawili, nane. Watu wanne, kumi na nne.

Nikagawa. Kumi na saba kwa tano ni tatu na sehemu mbili za tano. Kumi na moja kwa tatu ni tatu na theluthi mbili. Ishirini kwa sita, tatu na theluthi. Nane kwa mbili ni nne. Kumi na nne kwa nne, tatu na nusu. Siku tano, majibu matano, na hakuna hata mawili yanayofanana! Nikamwita mbele.

"Umekisia," nikamwambia.

"Sikukisia, Mwalimu. Nilihesabu."

"Watu wawili konzi nane. Watu wanne ni mara mbili yao, kwa hiyo konzi kumi na sita. Wewe umeandika kumi na nne. Zile mbili zimekwenda wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini zilikuwa kumi na nne."

Wenzake wote walikuwa wamepatia, na yeye anasimama hapo, macho chini, hataki kubadili hata tarakimu moja. Nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mstari jedwali lote toka kona mpaka kona. Kisha nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka najisikia vibaya. Nilisema, "Basi mama yako hajui kupima."

Darasa likacheka. Yeye hakulia. Alichukua daftari lake, akalifunga, akarudi kukaa.

Alasiri hiyo, watoto wamekwisha ondoka, nilibaki darasani kuandaa ukuta. Mwalimu mkuu alikuwa amenipa karatasi chache za miraba, akizihesabu kama mtu anayetoa meno yake, nami nilitaka mkaguzi akiingia akute grafu za jikoni zimepangwa. Nikachora za wale waliopatia: watu kwa chini, konzi kwa pembeni, nukta, rula, mstari. Zote zilianzia kwenye pembe kabisa, safi. Kisha nikaona nichore na ile ya binti, niitundike peke yake iwe mfano wa kazi iliyoharibika. Ndiyo roho niliyokuwa nayo.

Nikatia nukta tano, nikaweka rula ili nione zilivyotapanyika. Hazikutapanyika. Rula iligusa zote tano. Nikafikiri nimekosea miraba, nikahesabu upya. Zikalala tena zote kwenye mstari mmoja, umenyooka vizuri kabisa. Nikakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yamenifika kidevuni, nikaitazama karatasi ile muda mrefu. Mtu anayekisia hawezi kukisia mstari ulionyooka. Angekisia, nukta zingeruka huku na huku. Yule binti alikuwa amehesabu kweli.

Ila mstari wake haukuanzia kwenye pembe. Nikaurefusha kwa rula kurudi nyuma, watu wawili, mtu mmoja, hakuna mtu. Ukafika ukingoni juu ya sifuri, kwenye mbili. Yaani nyumba ile ikiwa haina mtu hata mmoja, chungu kinatiwa konzi mbili. Anakula nani?

Kilichonikera si kosa. Ni kwamba sikujua. Nikavaa viatu, nikaenda.

Mama yake nilimkuta uani anapepeta mchele. Alikuwa mama wa makamo, Mndamba wa kando ya mto, mikono mipana, na hakuacha kupepeta eti kwa kuwa mwalimu amekuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Kuku wamefanya nini tena?"

Nikasema si kuku. Nikamweleza nilivyoweza, kwamba nimeona jedwali la binti yake, na kwamba kwa hesabu zangu kila mtu wa nyumba hii anakula konzi tatu, lakini kila siku zinazidi mbili. Wawe watu wawili au sita, zinazidi mbili zile zile.

Akaweka ungo chini. "Hizo za kwanza si zetu," akasema. "Hizo ni za mgeni."

"Mgeni gani?"

"Nitamjuaje? Hajafika." Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi. "Unaanza na mbili za mgeni. Halafu ndiyo unahesabu watu wa nyumbani, tatu, tatu. Ukianza na watu wa nyumbani utasema mchele umekwisha. Kikishaiva, cha mgeni unakipakua kwanza, unakifunika kawa, kinakaa. Jua likizama hajaja, watoto wanakimaliza. Kwani kwenu Mbingu mama yako hafanyi hivyo?"

Nikalikumbuka bakuli la mama. Utotoni nilikuwa nikilikimbilia bakuli lile jioni, mimi na ndugu zangu, tukigombania wali uliopoa chini ya kawa. Miaka yote ile nilidhani ni makombo, mama kapika kwa kuzidisha. Sikuwahi hata siku moja kukaa jikoni nikamwona akichota. Mtoto wa kiume akae jikoni afanye nini? Na ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone, nilikuwa nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu, nikawapa watoto maksi kwa kuikariri.

"Na wewe unapika ngapi?" akauliza mama.

"Tatu."

"Tatu tu?"

"Nipo peke yangu, mama."

"Na mgeni akija?"

"Hawaji."

"Hawaji kwa sababu wanajua," akasema, akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikamwambia ukweli kwamba nilimsema vibaya mbele ya darasa, kwamba hajui kupima. Akashangaa. Binti yake hakuwa amemwambia. Alikuwa amerudi nyumbani, amefunga midomo, anatwanga nyuma ya nyumba, na mchi wake tulikuwa tunausikia wakati wote ule tukizungumza. Nikazunguka nyuma, nikamwambia, "Ulihesabu sawa. Mimi ndiye niliyekosea." Akasema, "Ndiyo, Mwalimu," bila kuacha kutwanga. Niliona aibu, na niliona nimestahili.

Kesho yake niliingia darasani nikauliza swali moja. "Nani kati yenu alikaa jikoni kweli?" Nikavua miwani. Mbali na binti yule, mikono ikapanda mitatu, halafu hata hiyo mitatu mmoja ukashuka. Wengine wote walikuwa wamemwuliza mama mara moja, "Mtu mmoja anakula konzi ngapi?" kisha wakazidisha wenyewe kwa kichwa, maana walijua mwalimu anataka nini. Na wale wawili walipoona hesabu hazigawanyiki, wakazisahihisha ili zigawanyike. Walikuwa na akili kunishinda, wale watoto: walijua kuzidisha kumbe, tena bila treni.

Sikumchapa mtu. Niliwarudisha jikoni siku tano nyingine, na safari hii nikasema anayeniletea hesabu nzuri kupita kiasi nitakwenda kwao kuhakikisha. Wakaniletea majedwali ya kweli. Mengine nukta ziliyumba kidogo, maana mkono wa mama si mashine, tukajifunza kupitisha mstari katikati yake. Lakini mistari yote ilianzia juu ya sifuri. Nyumba nyingi mbili. Nyumba nyingine moja, wamechoka na wageni. Nyumba moja iliyokuwa kando kabisa ya barabara, wasafiri wa Mlimba hawaishi mlangoni, ilianzia tatu.

Nikasimama ubaoni na jedwali la binti, nikaongeza safu moja. "Toa za mgeni," nikasema. Kumi na saba zikawa kumi na tano, kumi na moja zikawa tisa, ishirini zikawa kumi na nane, nane zikawa sita, kumi na nne zikawa kumi na mbili. "Sasa gawa." Tatu. Tatu. Tatu. Darasa zima lilikuwa linajibu kwa pamoja, na kufika ile ya tano walikuwa wanapiga madawati. Nikachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. Ukakimbia sambamba na mwenzake mpaka ukaingia kwenye pembe, sifuri na sifuri. Mtoto yule wa treni iliyokwama akasema kwa sauti ya kuongea peke yake, "Kumbe watu wa nyumbani ndio uwiano." Nilimsikia, na nilifurahi, nikageuka ubaoni wasinione.

Tukatundika grafu ukutani. Kwa haki, nikachora na ya kwangu: mtu mmoja konzi tatu, wakiwa wawili sita, na kuendelea. Ilianzia kwenye pembe kabisa, na ilikuwa peke yake kwa namna hiyo. Mwalimu mkuu alipita, akazitazama, akashusha sauti. "Mwalimu, mkaguzi akikuta grafu za uwiano hazipiti kwenye sifuri atasema hujui unachofundisha. Acha hii ya kwako. Nyingine toa." Alikuwa ananitakia mema, na kwa kitabu alikuwa na haki. Usiku nilifikiria jembe. Lakini niliwazia pia kumwambia binti yule kwa mara ya pili kwamba kazi yake haifai kuonekana, na hasira zikanipanda, safari hii kwa upande mzuri. Sikutoa hata moja.

Mkaguzi alikuwa aje Alhamisi. Alikuja Jumatano, jua linaelekea kushuka. Alikuwa anatoka upande wa Mahenge. Gari lake lilishindwa njiani, akavushwa Kivukoni kwa mtumbwi, kisha akatembea. Nilimwona anaingia uwanjani, mtu mzima wa makamo, suruali imepandishwa magotini, viatu mkononi, tope limemfika kwenye nyonga. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda Ifakara mjini kumtafutia jogoo wa kesho. Nilikuwa mimi tu.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Nimetangulia siku moja, mnisamehe. Mto haukuniuliza."

Nikampa maji ya kunawa, kigoda, maji ya kunywa. Alikunywa kata tatu mfululizo, kisha akakaa kimya, mikono juu ya magoti, kama anavyokaa mtu ambaye hajala tangu asubuhi na hatalisema. Na mimi, bwana wa konzi tatu, nilikuwa nimemaliza kula muda mfupi tu uliopita. Sufuria yangu ilikuwa imekwanguliwa, imeoshwa, imefunikwa kichwa chini. Nilikuwa nikimweleza habari za mvua huku natoka jasho. Kuwasha moto na kupika upya ni saa nzima, na yeye anasinzia kwa njaa.

Ndipo binti yule akatokea uani, amebeba ungo, juu yake bakuli lililofunikwa kawa. Mama yake alikuwa amemwona mgeni akipita. Akapiga goti, akaweka chini, akasalimia, akaondoka. Wali, na kambale wa mchuzi. Mkaguzi alinawa mikono akala bila kusema neno mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini.

"Mwalimu," akasema, "unatunza wageni."

Nilipaswa kusema. Nilijua kabisa nilipaswa kusema. Nikasema, "Karibu sana, bwana."

Asubuhi alikaa nyuma ya darasa, daftari lake magotini. Nikafundisha. Jedwali, kugawa, grafu; watoto walijibu vizuri. Halafu akainuka, akaanza kutembea polepole kando ya ukuta, anatazama grafu moja baada ya nyingine, mikono nyuma. Mwalimu mkuu mlangoni alinitazama kwa jicho la nilikuambia.

"Hizi haziendi kwenye sifuri," akasema mkaguzi. Hakunielekea mimi, alilielekea darasa. "Hii, kwa mfano. Hakuna mtu, na kuna konzi mbili. Hii ni ya nani?"

Binti akasimama. "Yangu, bwana."

"Uwiano unaanzia wapi?"

"Kwenye sifuri, bwana."

"Basi mbona wako unaanzia kwenye mbili? Hizi mbili nani anazila, kama nyumbani hakuna mtu?"

Akafikiri kidogo. Hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anatafuta jibu lililo kweli, kama siku ile mbele yangu.

"Jana ulizila wewe, bwana," akasema.

Mkaguzi alimtazama, akaitazama grafu, akaweka kidole kwenye ile mbili. Kisha akapitisha macho ukutani kote mpaka akafika kwenye grafu ya mwisho, ile iliyoanzia kwenye pembe.

"Na hii?"

"Ya Mwalimu," wakajibu wote thelathini na wawili.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika dawati, na darasa likafuata, na mwalimu mkuu mlangoni naye, ingawa sidhani kama alijua kwa nini. Mimi nilisimama na chaki yangu. Nilijua nimekwisha. Lakini nitakwambia kweli, hata pale nilipokuwa najiona nimekwisha, nilimtazama binti yule amesimama wima, kazi yake ikisomwa, nikaona afadhali.

Saa sita mkaguzi aliomba kitabu cha wageni wa shule, akaandika, akaaga. Mwalimu mkuu alikuja nacho mbio, amekunja uso, kidole kwenye ukurasa. "Athibitishwe," akanisomea. "Lakini kuna na hili, sijalielewa. Ameandika: aongeze konzi mbili."

Jioni hiyo nilitia mkono kwenye kapu nikachota mbili za kwanza, nikaziweka kando ya ungo, kisha tatu zangu. Nikapika, nikapakua, nikafunika kawa niliyoazima kwa jirani. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Nikala wali baridi asubuhi siku nyingi, nikinung'unika.

Baada ya wiki mbili, jua limefika kwenye ncha za mpunga, nikasikia hodi. Alikuwa baba. Alikuwa ametoka Mbingu kwa miguu, tope hadi magotini, na begani alikuwa na jembe. Alisikia mkaguzi amekuja na darasa likamcheka mwanawe, basi akaja kunichukua, na kwa upendo wake akaniletea na jembe nisije nikaona haya kurudi mikono mitupu.

Nikampokea, nikampa maji, nikamvutia kigoda. Nikaingia ndani nikatoka na bakuli, nikafunua kawa mbele yake. Wali ulikuwa bado unatoa mvuke.

Baba alilitazama lile bakuli muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Nani alikwambia nakuja?"

"Hakuna aliyeniambia, baba."

"Na hiki ulimpikia nani?"

"Mgeni."

Akanawa, akala, akamaliza. Akaramba vidole kama alivyokuwa akifanya nyumbani. Alipoondoka asubuhi alipitia kwa jirani kuaga, akanipa mkono, akashika njia ya Mbingu. Jembe alikuwa amelibeba begani kwake.